Daktari wa Familia Katika Mji Mdogo: Tunamtafuta Nani?

Mwalimu akihamishiwa mji mdogo wa bara, tuseme mmojawapo wa ile inayoanzia stendi ya mabasi na kuishia mnadani, anakuwa na mambo matatu ya kuulizia haraka: nyumba ya kupanga, shule ya watoto na daktari. Mawili ya kwanza hupata majibu siku hiyo hiyo. La tatu, hasa kama amekuja na mama yake mwenye presha, huleta majibu yanayopishana. Jirani wa kwanza humwelekeza zahanati: kuna daktari pale, mzuri tu, anakaa nyuma ya shule. Mwingine humtajia muuza duka la dawa wa pale stendi, ambaye naye huitwa dokta. Wa tatu humshauri apande basi kwenda hospitali ya misheni, mwendo wa saa moja na nusu. Wapo pia wanaomwambia avute subira, kwani madaktari bingwa watapiga kambi hospitali ya wilaya mwezi ujao.

Wote wanasema kweli. Tatizo ni kwamba kila mmoja amejibu swali lake: nani yuko karibu, nani ana dawa, nani ana vifaa, nani ana ubingwa. Hakuna aliyejibu ni nani atakayemjua mama huyu mwezi Juni kama alivyomjua Januari, ambalo ndilo swali la daktari wa familia. Sheria za karibuni hazijaondoa mkanganyiko. Mwaka 2023 Kenya ilipitisha Sheria ya Huduma za Afya za Msingi na ile ya Bima ya Afya ya Jamii. Tanzania nayo, mwaka huo huo, ikapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tangu hapo maneno "huduma za msingi", "bima kwa wote" na "daktari wa familia" yanasemwa kwa pumzi moja, na mwananchi ana haki ya kuuliza kama kaya yake itapewa daktari wake au itapewa kadi tu.

Jina moja, kazi nyingi

Kwa Kiswahili cha mtaani kila aliyevaa koti jeupe ni daktari. Mgonjwa hana sababu ya kudai vyeti, na anayemhudumia mara nyingi haoni haja ya kumsahihisha. Hata hivyo tofauti zina uzito. Tabibu, ambaye Kenya ni afisa wa kliniki, amesoma stashahada ya miaka mitatu. Ndiye anayeziongoza zahanati nyingi, akisaidiana na muuguzi mkunga mmoja au wawili, na zipo zahanati ambazo muuguzi amebaki peke yake. Daktari mwenye shahada amekaa chuo kikuu miaka mitano au sita, akaongeza mwaka wa utarajali; huyu utamkuta hospitali ya wilaya na, siku hizi, kwenye baadhi ya vituo vya afya. Bingwa wa upasuaji au wa magonjwa ya wanawake yuko hospitali ya rufaa ya mkoa au kanda.

Kuna bingwa mwingine ambaye wengi hawajawahi kumsikia. Daktari wa familia, kwa maana ya kitaaluma, ni daktari aliyeongeza miaka mitatu au minne ya kusomea magonjwa ya watu wa rika zote, kuanzia kichanga hadi babu, pamoja na kazi ya kuwaongoza watumishi wa ngazi za chini. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianza kuwafundisha mwaka 2005. Chuo Kikuu cha Aga Khan kinawafundisha Nairobi na Dar es Salaam. Bado ni wachache mno kiasi kwamba anayemtafuta mwenye cheti hicho kwenye mji wa mnada atatafuta hadi achoke.

Lakini watu wengi wanaposema daktari wa familia hawamaanishi cheti. Wanamaanisha mtu wa kwanza kumwendea, anayejua historia ya nyumba yenu, anayekufuatilia baada ya dawa kwisha, na anayejua lini akupe barua ya rufaa. Kazi hiyo haina koti maalumu, kwa hiyo inafaa kutenganisha cheti na kazi kabla ya kubishana nani aifanye.

Mfumo ulivyofika hapa

Kwa nini miji midogo ya Tanzania haina yule daktari aliyefungua chumba cha kutibia mbele ya nyumba yake, kama ilivyozoeleka kwenye vijiji vingi vya Ulaya? Umaskini ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni sera. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilielekeza nguvu vijijini, na miaka ya 1970 zahanati na vituo vya afya viliongezeka kwa kasi. Mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku tiba binafsi ya kibiashara. Marufuku hiyo ililegezwa mwaka 1991. Kwa miaka kumi na minne, kipindi ambacho kizazi kizima cha madaktari wazalendo kilikuwa kinaanza kazi, daktari hakuruhusiwa kufungua kliniki yake ya kibiashara mjini wala shambani. Hospitali za dini ziliendelea kwa kuwa hazikuendeshwa kwa faida, na ndiyo maana Ndanda, Peramiho au Nkinga ni majina yanayobeba imani kubwa kuliko ukubwa wa miji yenyewe.

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ulioanza 2007, uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Kuanzia 2017 vituo vingi viliongezewa majengo ya upasuaji ili mama mjamzito asisafirishwe usiku kucha. Mwaka 2021 tozo za miamala ya simu, zilizolalamikiwa na kila mwenye simu, zilielekezwa kwa sehemu kwenye vituo vya afya vya tarafa. Mafanikio haya si ya kubezwa. Ila majengo yana tabia ya kuonekana kwenye picha na kuzinduliwa kwa utepe, na mtumishi hana tabia hiyo. Halmashauri inaweza kumaliza kituo kwa miezi tisa ikasubiri kibali cha ajira kwa muda mrefu zaidi.

Madaktari wapo, daktari hayupo

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi kuliko yote. Kenya na Tanzania zote zina wahitimu wa udaktari wasio na ajira, na papo hapo zina vituo visivyo na daktari. Wahitimu wameongezeka kwa sababu vyuo vimeongezeka. Nafasi zimebaki nyuma kwa sababu mshahara hutoka kwenye bajeti ambayo haikui kwa kasi ya mahafali. Kwa hiyo kauli ya kwamba "tuna uhaba wa madaktari" ni nusu tu. Kuna uhaba wa nafasi zinazolipwa, na kuna uhaba wa kukaa.

Uhaba wa kukaa ndio mgumu. Daktari kijana aliyepangiwa mji mdogo anakuta nyumba ya mtumishi imechukuliwa au haijajengwa. Mwenza wake ni mhasibu Mwanza na halmashauri haina nafasi ya mhasibu. Anaona wagonjwa sitini kwa siku bila mtu wa kumwuliza, mashine ya picha imeharibika, na kosa lake likitokea litakuwa lake peke yake. Zaidi ya hayo, ngazi ya kupanda haiko pale. Kwa taratibu zilivyo, heshima na kipato huja na ubingwa, na ubingwa husomewa Muhimbili, Bugando, KCMC au nje. Mji mdogo unakuwa chumba cha kusubiria barua ya masomo. Hata daktari mwenye moyo, na wapo wengi, akiondoka baada ya miaka miwili hajafanya kosa lolote. Amefuata njia ambayo mfumo wenyewe umemchorea.

Kenya imeonja upande wa pili wa tatizo hilo. Katiba ya 2010 ilikabidhi sehemu kubwa ya huduma za afya kwa kaunti 47, kwa hoja nzuri kwamba kaunti inajua mahitaji yake. Madaktari wengi waliona ajira yao imegawanywa vipande 47, kila kipande na kasi yake ya kulipa na kupandisha cheo. Mgomo wa madaktari uliodumu siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, ulikuwa wa mishahara na makubaliano yaliyokuwa hayajatekelezwa, lakini wasiwasi wa ugatuzi ulikuwa umejificha ndani yake.

Hoja ya kwanza: mleteni daktari

Wanaoshika hoja hii wanasema mwananchi wa kijijini asipewe mtaalamu wa daraja la pili. Kama wa Masaki ya Dar es Salaam au Westlands ya Nairobi anaonwa na mwenye shahada, wa mji mdogo kama Laela naye aonwe hivyo. Kwa misingi ya haki hoja hii ni nzito, na ni rahisi kuipigia makofi.

Njia zake zimekuwa mbili. Ya kwanza ni kuleta wageni. Juni 2018 Kenya ilipokea madaktari 100 kutoka Cuba, wengi wao wa tiba ya familia, wakasambazwa kaunti zote. Kituo kilichokuwa hakina daktari kilimpata. Hilo ni jambo la kweli. Lakini lugha ilihitaji mkalimani, madaktari wa Kenya wasio na kazi waliuliza kwa nini wao hawakuajiriwa, na Aprili 2019 wawili wakatekwa Mandera wakienda kazini. Mwaka 2023 serikali ikatangaza kutouendeleza mkataba. Mgeni wa mkataba, hata awe hodari vipi, ana tarehe ya kuondoka tangu siku ya kufika.

Njia ya pili ni kambi. Tangu Mei 2024 Tanzania imekuwa ikiwatuma madaktari bingwa kwenye hospitali za halmashauri 184. Kwa mwenye ngiri, mtoto wa jicho au uvimbe wa kizazi, wiki ya kambi inaweza kumwokolea nauli, siku za kazi na pengine maisha. Kwa mama wa yule mwalimu, kambi ni siku moja ya kupimwa vizuri ikifuatiwa na miezi mingi ya kimya. Presha haiponi kwa wiki. Kuipima kambi kwa kipimo cha daktari wa familia ni kuionea, na kuitegemea ifanye kazi ya daktari wa familia ni kujidanganya.

Hoja ya pili: mwinueni aliyepo

Upande huu unaanza na ukweli wa pale kwenye benchi la zahanati: anayekutibu ni tabibu au muuguzi, kwa hiyo mwongezee ujuzi, dawa na heshima. Ushahidi wake hauko mbali. Tanzania ilianza mwaka 1963 kuwafundisha madaktari wasaidizi, yaani matabibu wazoefu walioongezewa mafunzo hadi kufanya upasuaji wa uzazi. Kwa miongo kadhaa wao ndio walioshika kisu kwenye hospitali nyingi za wilaya, na tafiti zilizolinganisha matokeo yao na ya wenye shahada hazikukuta tofauti ya kutisha. Msumbiji ilifanya jambo linalofanana. Huko, utafiti uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba miaka saba baada ya kuhitimu, karibu tisa kati ya kila kumi ya mafundi wa upasuaji walikuwa bado hospitali za wilaya, wakati madaktari waliopangiwa huko walikuwa wameondoka wote.

Sababu yake haina maajabu. Mwenye stashahada mara nyingi amezaliwa wilaya ile ile, ana shamba, ana wakwe, na cheti chake hakimfungulii milango mingi ya mjini wala ya ughaibuni. Hapo pia ndipo penye doa la kimaadili, ambalo watetezi wa hoja hii hupita nalo haraka mno: tunategemea akae kwa sababu hana pa kwenda. Tanzania yenyewe imekwisha kuyasitisha mafunzo ya madaktari wasaidizi, kwa matarajio kwamba wenye shahada sasa watatosha. Idadi yao huenda ikatosha. Kukaa kwao hakujathibitika.

Udhaifu wa pili ni wa kitaalamu. Tabibu hutibu vizuri kinachokuja kila siku. Hatari iko kwenye kile kinachokuja mara moja kwa mwaka kikiwa kimevaa sura ya malaria. Bila mtu wa kumpigia simu na bila daktari anayepita kukagua majalada, kosa hujirudia kimyakimya. Kumwinua tabibu halafu kumwacha peke yake ni kumwongezea mzigo wa lawama.

Hoja ya tatu: timu yenye orodha

Watetezi wa hoja hii hawamwulizii mtu mmoja. Wanaulizia watu wangapi wameandikwa kwa timu ipi. Brazil ilianza mwaka 1994 kuipa kila timu, yenye daktari, wauguzi na wahudumu wa jamii, eneo lake la watu elfu chache. Norway tangu 2001 humwandikisha kila mkazi kwa daktari wake. Utafiti wa huko uliochapishwa 2022, uliopitia kumbukumbu za watu milioni 4.5, ulikuta kwamba waliokuwa na daktari yule yule kwa zaidi ya miaka 15 walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 25 hadi 30 wa kulazwa, kutafuta huduma ya dharura au kufariki, wakilinganishwa na waliokuwa naye mwaka mmoja tu. Takwimu za aina hii hazithibitishi chanzo. Pengine anayedumu na daktari mmoja ana maisha yaliyotulia tangu mwanzo. Ila ukubwa wa tofauti unamlazimisha mtu afikiri.

Kenya imeelekea huko kwa mitandao ya huduma za msingi: hospitali moja ikiwa kitovu, zahanati na vituo vya afya vikiizunguka, daktari wa familia akiongoza pale anapopatikana, na wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliopewa mikoba yao mwaka 2023, wakipita nyumba kwa nyumba. Kwenye karatasi ndio mpango unaokaribia zaidi jibu la swali letu.

Tahadhari yake iko kwenye historia ya karibu. Chini ya NHIF, mfuko wa bima ya afya uliotangulia sheria ya 2023, mwanachama aliyetaka kutibiwa bila kulazwa alichagua kituo kimoja, nacho kikalipwa kwa kichwa. Kituo kilicholipwa mapema hakikuwa na haraka ya kutoa dawa, na mchuuzi aliyejiandikisha kwao Kitui akaugulia Mombasa alijikuta hana kituo. Orodha inafaa watu wasiohama. Wakazi wa mji wa mnada huhama: wakulima kwenda mashambani wakati wa masika, wafugaji kufuata maji, vijana kufuata machimbo. Hivyo orodha lazima imruhusu mtu kusafiri na kumbukumbu zake, na leo kumbukumbu zenyewe ni daftari la shule alilonunua dukani, lenye mwandiko wa watu saba na ukurasa mmoja uliochanwa.

Kuhusu simu sina mengi. Daktari wa mbali kwa njia ya simu ni msaada kwa tabibu kuliko kwa mgonjwa. Babyl, huduma ya aina hiyo ya Rwanda, ilisajili watu zaidi ya milioni mbili, kisha ikafungwa 2023 baada ya kampuni mama ya Uingereza kuanguka. Nchi inayokodisha daktari wake wa familia kwa mwekezaji inapaswa kusoma mkataba hadi mwisho.

Chumba ambacho tayari kinafanya kazi

Mjadala huu hupita mara nyingi mbele ya mlango ulio wazi bila kuchungulia. Kuna watu kwenye mji mdogo ambao tayari wana kitu kinachofanana sana na daktari wa familia: wanaoishi na VVU. Tangu dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure Tanzania mwaka 2004, kila anayetumia dawa ana namba, kadi, jalada na tarehe ya kurudi. Asipofika, kuna mtu wa kumtafuta. Anayemhudumia kwenye kliniki hiyo ya VVU, CTC, huwa ni tabibu au muuguzi, na anamjua. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano nao wana kadi na siku ya kliniki.

Mwenye kisukari au presha hana hata kimoja kati ya hivyo. Humfikia tabibu yule yule, jengo lile lile, lakini kama mgeni, kila mara akisimulia upya. Tofauti haikuletwa na elimu ya mhudumu. Imeletwa na rejista, dawa zisizokatika, na mtu anayelipwa kufuatilia. Na hapa fedha inasema kwa sauti: CTC ilijengwa kwa sehemu kubwa na wafadhili, hasa mpango wa Marekani wa PEPFAR ulioanza 2003, ilhali presha haikupata mfadhili wa aina hiyo. Januari 2025 Marekani ilipofungia misaada yake ya nje, ilionekana jinsi mlango huo ulivyotegemea bawaba za mtu mwingine.

Mizani

Nikizipima hoja hizi, naona ya kwanza ina haki ya kudai na haina uwezo wa kudumu. Ya pili ina watu wanaokaa na inawaacha bila mgongo. Ya tatu ina mpangilio sahihi, ikishindwa kwenye fedha na kumbukumbu. Ninaloliona lina uzito ni kuziunganisha kwa mpangilio huu: jina kwenye orodha liwe la tabibu wa zahanati, daktari wa kituo cha afya awe na siku maalumu ya kila wiki ya kupita zahanati zake, iandikwe ukutani ili wananchi waweze kumdai, na daktari wa familia mwenye cheti, kwa uchache wake, akae hospitali ya wilaya akiwafundisha hao wawili badala ya kukimbizana na foleni.

Gharama zake zisifichwe. Siku moja ya daktari barabarani ni siku moja hayupo chumba cha upasuaji. Mafuta ya pikipiki yatatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, yale yale yanayogombaniwa na madawati ya shule. Tabibu atahitaji nyumba na njia ya kupanda cheo bila kulazimika kuondoka, la sivyo tutakuwa tumejenga mfumo juu ya mtu aliyekwama. Na mgonjwa atapoteza kiasi cha uhuru wa kurukaruka, jambo ambalo si kila mtu atalifurahia, hasa mwenye nauli ya kwenda misheni.

Kwa sasa mwalimu wetu anaweza kufanya mambo mawili ya maana: kumwandikisha mama yake zahanati ya karibu na kurudi kwa tabibu yule yule kila mwezi hata asipokuwa na malalamiko, na kulitunza lile daftari kama anavyotunza vyeti vyake. Halmashauri yake inaweza kufanya zaidi. Fedha za nje ziliposimama mwanzoni mwa 2025, wahudumu wengi waliokuwa wakilipwa na miradi ya VVU katika nchi mbalimbali za Afrika waliachishwa kazi: watu waliozoea kusoma rejista, kuona nani hakurudi, na kwenda kubisha hodi kwake. Pale walipobaki bila kazi, rejista ya presha ina wa kuanza nayo.